Programu inapokataa msumari: dalili na vyanzo vyake kwenye kuta za shia za mbao

Ukisanifu kuta za mbao kwa programu, siku moja msumari utakusimamisha. Mizigo imeshaingia, paneli imechaguliwa, kazi inakwenda, halafu kwenye menyu ya misumari ule unaoutaka haupo. Au upo, ila ukiubofya ukuta mzima unakuwa mwekundu. Au programu inakubali kila kitu kimya kimya, kisha jibu lako halifanani na la mwenzako aliyesanifu jengo lilelile.

Kuta ninazozungumzia ni za fremu ya mbao zilizofunikwa kwa plaiwudi au OSB (paneli ya vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi), zile zinazolizuia jengo lisilale upande pale upepo au tetemeko linapolisukuma. Sisi tunaozishughulikia tunaziita kuta za shia. Kanuni ni za Marekani: SDPWS, kiwango cha American Wood Council cha kusanifu mbao dhidi ya upepo na tetemeko, toleo la 2015 linalotumiwa na IBC (kanuni ya ujenzi) ya 2018, na toleo la 2021 linalotumiwa na IBC ya 2021. Kwa hiyo vipimo ni inchi, futi na pauni, jinsi jedwali lenyewe lilivyoandikwa.

Kabla hujagusa kitufe chochote, fahamu kwamba programu haichagui msumari. Inatafuta mstari kwenye Jedwali 4.3A. Kila mstari wa jedwali hilo umefunga vitu vinne pamoja: daraja la paneli, unene wake wa chini kabisa, kina ambacho msumari lazima uingie kwenye nguzo ya fremu, na saizi ya msumari wenyewe. Baada ya hapo ndipo zinakuja safu nne za nafasi kati ya msumari na msumari kwenye kingo za paneli: inchi 6, 4, 3 na 2. Ukibadili kimoja kati ya vile vinne, umehamia mstari mwingine au umeangukia mahali pasipo na mstari. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatibika kwa kujiuliza: sasa hivi inasoma mstari gani? Weka jedwali wazi pembeni ya skrini. Anayebofya bila jedwali anapapasa gizani.

Msumari wa 10d haumo kwenye menyu

Namba yenye herufi d ni saizi ya msumari: 10d ni mkubwa kuliko 8d, na 8d kuliko 6d. Angalia unene wa paneli. Paneli ya inchi 3/8 au 7/16 inaishia kwenye 8d, na 10d inaanza kwenye 15/32. Hapo programu haina kosa. Msumari mnene kwenye paneli nyembamba haupati kitu cha kushika: ukingo wa paneli unachanika, au kichwa kinapenya, kabla msumari haujaanza kupinda na kumeza nguvu.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili, na hii huwapoteza hata wazoefu. Mtu anapima paneli ya 15/32 kwa kalipa, anapata unene pungufu kidogo ya 0.469, anauandika vile vile alivyoupima. Programu inaona namba haijafika, inamshusha kwenye 7/16, na 10d inatoweka. Namba ya 15/32 iliyopigwa muhuri kwenye paneli ni jina la kundi lake, na jedwali linasoma jina hilo. Chagua kundi kwenye orodha, usiandike kipimo cha kalipa.

Ila kabla hujapandisha unene wa paneli ili upate 10d, jiulize kama kweli unaihitaji. Chukua paneli ya daraja la kawaida ya 15/32, toleo la 2015, safu ya tetemeko. Misumari ya 8d kila inchi 4 inatoa uwezo ghafi, yaani kabla ya kupunguzwa kwa usalama, wa pauni 760 kwa futi. 10d kila inchi 4 inatoa 920. Lakini 8d kila inchi 3 inatoa 980. Binafsi karibu kila mara nabana nafasi ya 8d kuliko kuleta saizi ya pili ya msumari kwenye eneo la kazi, maana pakiwa na saizi mbili, siku moja zitabadilishana kuta. Tena 10d kwa inchi 3 ina sharti lake kuhusu fremu, nalo linakuja hapo chini.

Nimetoka 7/16 kwenda 15/32 na uwezo haujasogea

Una nguzo kila inchi 16, au umelaza paneli upande wake mrefu ukatishe nguzo. Katika hali yoyote kati ya hizo mbili, tanbihi ya jedwali inairuhusu paneli ya 3/8 au 7/16 yenye 8d ichukue thamani za 15/32 kwa misumari ileile. Programu ilikuwa imeshakupa nyongeza tangu mwanzo. Hakuna cha kurekebisha.

Nimesasisha programu, na uwezo umeruka karibu asilimia 40

Hii imewatia watu furaha isiyo na msingi, na wengine hofu isiyo na msingi. Toleo la 2015 lina safu mbili za uwezo ghafi, moja ya tetemeko na moja ya upepo. Paneli ya 15/32 yenye 8d kila inchi 6 ina 520 kwa tetemeko na 730 kwa upepo. Toleo la 2021 limebakiza thamani moja, ile kubwa ya 730, na tofauti ya tetemeko na upepo imehamishiwa kwenye kigawanyo.

Fanya hesabu kwa mkono mara moja, hutasahau. Kwa mbinu ya ASD, ile inayogawanya uwezo ghafi kwa kigezo cha usalama, toleo la 2015 linagawanya kwa 2.0 katika hali zote mbili: 520 kwa 2.0 ni 260. Toleo la 2021 linagawanya kwa 2.8 kwa tetemeko: 730 kwa 2.8 ni 260 na kidogo. Ni kitu kilekile. Kwa upepo kigawanyo kimebaki 2.0 na jibu halijabadilika.

Mabadiliko ya kweli yako kwenye LRFD, mbinu ya pili, ambayo huuzidisha uwezo ghafi kwa kizidishi. Mwaka 2015 tetemeko lilizidishwa kwa 0.80, kwa hiyo 520 ikawa 416. Mwaka 2021 kizidishi ni 0.50, kwa hiyo 730 inakuwa 365. Hapo umepoteza karibu asilimia 12. Ukuta uliopita kwa LRFD jana ukashindwa leo bila mtu kugusa msumari, chanzo chake ni hiki.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya. Kuna ofisi zina karatasi zao za hesabu ambazo thamani za uwezo zimebandikwa kwa mkono. Mtu anabandika 730 ya toleo jipya kwenye karatasi inayogawanya kwa 2.0, na ukuta wa tetemeko unapewa 365 kwa ASD badala ya 260. Programu yako ikitofautiana na karatasi ya ofisi kwa uwiano wa 1.4, usitafute mbali.

Wote tumechagua 8d, majibu ni mawili

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo ninapoona madhara yanayofika mpaka kwenye ukuta wenyewe.

"8d" ni jina la kale la saizi, na peke yake halitoshi kuutambua msumari. Msumari wa komoni wa 8d una kipenyo cha inchi 0.131 na urefu wa inchi 2½. Wa boksi wa 8d una urefu huohuo lakini kipenyo ni 0.113. Wa sinka wa 8d una 0.113 na urefu unashuka mpaka 2⅜. Kwa 10d ni hivyohivyo: komoni ni 0.148 kwa inchi 3, boksi ni 0.128 kwa inchi 3, sinka ni 0.120 kwa 2⅞. Kati ya komoni na boksi ya 8d tofauti ya kipenyo haifiki hata nusu milimita, na kwa macho huwezi kuiona. Ukuta unaiona.

Jedwali la 2015 linataka komoni, au boksi iliyochovywa zinki. Programu nyingi zina kisanduku cha kuchagua aina, na nyingine zinakuruhusu uandike kipenyo chako. Mwenzako aliyeandika 0.113 na wewe uliyechagua "8d komoni" mmesanifu kuta mbili tofauti zenye jina moja. Dawa ni kuacha majina. Kwenye programu na kwenye michoro andika kipenyo na urefu: 0.131 kwa 2½. Usiandike "8d" ikisimama peke yake kwenye jedwali la misumari la mchoro wowote.

Niliwahi kukagua nyumba ambayo michoro ilisema "8d @ 4" na hakuna zaidi. Kuta zilikuwa zimepigiliwa vizuri, mistari imenyooka, vichwa viko sawa na uso wa paneli. Nikaomba mkanda wa misumari uliobaki kwenye bunduki, nikachomoa mmoja, nikaupima kwa kalipa: 0.113. Fundi hakuwa amekosea kusoma. Kwenye boksi la misumari palikuwa pameandikwa 8d, na kwenye mchoro palikuwa pameandikwa 8d.

Hali kama hiyo inakokotolewa hivi. Kipenyo cha 0.113 ndicho cha 6d ya komoni. Mstari wa 6d unaotaka unene usiopungua 3/8 unaikubali paneli ya 15/32, na kwa nafasi ya inchi 4 unatoa uwezo ghafi wa 600 badala ya 760 uliohesabiwa. Ni upungufu wa asilimia 21. Rudi kwenye programu, uweke mstari wa 6d, uone mahitaji halisi ya kila ukuta. Kuta nyingi huwa hazikutumia uwezo wote, na zitapita kwa 300 ya ASD bila kuongezwa kitu. Zile zisizopita ndizo za kurudiwa. Usikimbilie kusema "ongeza msumari mmoja katikati ya kila miwili", kwa sababu inchi 4 zikigawanywa kati zinakuwa 2, na inchi 2 zinaamsha sharti la fremu ambalo pengine ukuta huo haulitimizi.

Kama programu yako inaweza kubadili nchi, hakikisha iko upande sahihi. Kanada inatumia kiwango chake cha mbao, CSA O86, na msumari wake wa kawaida wa inchi 3 una kipenyo cha milimita 3.66, wakati komoni ya Marekani ya urefu huo ni 3.76. Ukiona vipenyo visivyofanana na vile nilivyovitaja, huenda mtu aliacha mpangilio wa nchi nyingine.

Programu inadai fremu ya inchi 3 mahali paneli zinapokutana

Toleo la 2015 lina masharti matatu, na moja tu linatosha: misumari kila inchi 2 au chini ya hapo kwenye ukingo paneli zinapokutana, au 10d ya komoni inayoingia zaidi ya inchi 1½ kwenye fremu, ikipigwa kila inchi 3 au chini ya hapo, au uwezo ghafi unaohitajika kuvuka 700 katika makundi ya tetemeko D, E na F, yale ya hatari kubwa. Hiyo 700 kwa ASD ni 350, na ndiyo inayowashangaza watu, kwa sababu programu inaweza kuidai fremu nene hata kwa misumari ya 8d kila inchi 4.

Ukitaka kuelewa kwa nini sharti lipo, chora mahali pa kukutania kwa ukubwa wake halisi. Nguzo ya kawaida ina uso wa inchi 1½. Paneli mbili zinakutana juu yake, na kati yake unaacha mwanya wa inchi 1/8 ili zisivimbe zikasukumana. Kila paneli imebakiwa na 11/16 ya kulalia. Msumari hauruhusiwi kuwa karibu na ukingo wa paneli kuliko 3/8. Toa, na kutoka msumari mpaka ukingo wa nguzo umebakiwa na 5/16, chini ya milimita 8. Sasa piga safu mbili za misumari minene hapo, kila inchi 2, kwa bunduki, fundi akiwa juu ya ngazi. Nguzo inapasuka kufuata nyuzi zake, na ufa huo unafichwa na paneli ileile.

Kwa hiyo usitafute kitufe cha kuzima onyo. Weka nguzo ya inchi 3, ambayo uso wake halisi ni 2½, na misumari ipangwe kwa kupishana. Kama mbao hizo hazipatikani, kanuni inaruhusu nguzo mbili za inchi 2 zilizofungwa pamoja, mradi misumari ya kuzifunga iwe imekokotolewa kwa NDS (kiwango cha Marekani cha kusanifu mbao) kuhamisha nguvu kutoka moja kwenda nyingine. Programu nyingi haziifanyi hesabu hiyo ya kufunga. Zinakubali nguzo mbili na kuendelea, hivyo ifanye wewe na uiandike kwenye mchoro.

Nafasi imeganda kwenye inchi 6

Kisanduku cha vipande vya mbao vya kuziba ukingo wa kulala kimezimwa. Ukuta usio na vipande hivyo hauruhusiwi nafasi ndogo kuliko 6, na juu ya hapo unakatwa kwa kizidishi kinachotegemea nguzo zimesimama kila inchi ngapi: zikiwa kila 16, na misumari ya katikati ya paneli kila 12, unabakiwa na 0.6 ya uwezo. Zikiwa kila 24, ni 0.4. Washa kisanduku kama vipande vitakuwepo kweli. Kama paneli zimesimamishwa wima na zinafika juu mpaka chini, kingo zote tayari ziko juu ya fremu na ni haki yako kukiwasha.

Nimeweka jipsamu chini ya paneli, 8d imegeuka 10d

Umehamia Jedwali 4.3B. Jipsamu ya inchi 1/2 au 5/8 ikikaa kati ya paneli na nguzo, msumari unaning'inia kwenye tabaka laini kabla haujafika kwenye mbao. Ndiyo maana, kwa paneli za 3/8 na zaidi, jedwali linataka 10d ili ikupe kile ambacho 8d ingekupa paneli ikigusa nguzo moja kwa moja. Wapo wanaoingiza jipsamu kama umaliziaji wa ndani ilhali kwenye mchoro iko nje, nyuma ya paneli. Kagua mpangilio wa tabaka kabla ya kubishana na programu.

Na hata pasipo jipsamu, onyo la kina linapojitokeza, toa kwa mkono: urefu wa msumari, toa unene wa paneli, toa chochote kilicho kati. Kinachobaki kisipungue 1¼ kwa 6d, 1⅜ kwa 8d, 1½ kwa 10d. Misumari mifupi ya inchi 1½ inayouzwa kwa ajili ya vyuma vya kuungia ina kipenyo cha 10d, lakini kwenye paneli ya 15/32 inabakiza inchi moja tu ndani ya nguzo. Haifai hapa.

Majengo mawili yanayofanana, misumari tofauti. Au programu inazunguka haitulii

Tatizo hili ndilo linalostahili muda wako kuliko yote, na mara nyingi hulaumiwa programu bure.

Mzigo ukigawanywa kwa kufuata ukakamavu wa kuta, msumari unaingia kwenye hesabu mara mbili. Unaamua ukuta una uwezo kiasi gani, na pia unaamua ukuta utavuta mzigo kiasi gani. Ukibana misumari ukuta unakuwa mkakamavu, na ukuta mkakamavu unavuta mzigo kutoka kwa wenzake.

Chukua kuta mbili kwenye mstari mmoja wa jengo (kuanzia hapa mstari ni wa kuta, si wa jedwali), kila moja futi 10 kwa urefu wa mlalo na futi 8 kwenda juu, OSB ya 15/32, misumari ya 0.131 kwa 2½, tetemeko, ASD, toleo la 2015. Mzigo wa mstari ni pauni 6,800. Ukakamavu wa jedwali, ule wanaouandika Ga, ni 13 kwa nafasi ya inchi 6, 19 kwa inchi 4, na 25 kwa inchi 3. Uwezo wa ASD ni 260, 380 na 490. Kwa mfano huu naacha pembeni kupinda kwa nguzo za mwisho na kusogea kwa nanga, kile chuma kinachouzuia mwisho wa ukuta usinyanyuke.

Zote mbili kwa inchi 6: kila moja inapata 340 kwa futi, inazidi 260, zote zinashindwa. Zote kwa inchi 4: 340 dhidi ya 380, zote zinapita. Umemaliza. Lakini programu iliyoagizwa kupunguza misumari haitaishia hapo. Italegeza ukuta wa pili urudi kwenye 6. Sasa mgawanyo ni 19 kwa 13, ukuta wa kwanza unapanda mpaka 404 na kushindwa, kwa hiyo inaubana kwenye inchi 3. Mgawanyo unakuwa 25 kwa 13: wa kwanza 447 dhidi ya 490, wa pili 233 dhidi ya 260. Zote zinapita tena.

Una majibu mawili halali kwa jengo moja, na utakalopata linategemea ulianzia wapi. Lakini yatazame vizuri. Katika jibu la kwanza, ukiacha uzito wa jengo, nanga ya mwisho wa ukuta inavutwa na 340 mara futi 8, yaani pauni 2,720. Katika la pili ukuta wa kwanza unavuta 447 mara 8, zaidi ya pauni 3,570. Na kama uko kwenye kundi la tetemeko D, jibu la kwanza liko chini ya 350 na nguzo za kawaida zinatosha, ila la pili limevuka na linadai fremu ya inchi 3. Programu ilidhani imekuokolea misumari.

Mimi hufunga msumari mmoja kwa mstari mzima. Ninaweka nafasi moja kwa kuta zote za mstari, nazima uchaguzi wa kujiendesha, nakokotoa, kisha nabadilisha mstari mmoja kwa mkono na kutazama mistari ya jirani. Programu ikizunguka bila kutulia, karibu kila mara ni kwa sababu imeachiwa misumari ya mistari yote iwe huru kwa wakati mmoja. Ifunge mistari isiyo na shida kwanza.

Linganisha pia aina ya paneli. Plaiwudi ina Ga ndogo kuliko OSB: kwa nafasi hiyohiyo ya inchi 6 ni 10 badala ya 13. Ukichanganya plaiwudi ukuta mmoja na OSB ukuta mwingine, umehamisha mzigo bila kugusa msumari hata mmoja.

Ukuta mmoja mwembamba unabana ghorofa nzima

Dalili ni kwamba kuta ndefu zisizo na mzigo mkubwa nazo zinapewa misumari kila inchi 3. Tazama makundi ya kuta. Programu inapowekwa kusanifu kundi pamoja, ukuta mnyonge ndio unaoamua. Mara nyingi ni kipande chembamba pembeni ya mlango. Kinapozidi uwiano wa 2 kwa 1 kati ya kimo na upana kinaanza kukatwa, na kikifika 3.5 kwa 1, ambao ndio mwisho, kinabakiwa na asilimia 81 ya uwezo wake. Kitoe kwenye kundi, kipe misumari yake.

Kila ukuta unakosa kidogo, kama asilimia 8

Mbao za fremu ni SPF (spruce-pine-fir). Thamani za jedwali ni za Douglas fir-larch na Southern pine. Kwa mbao nyepesi unazidisha kwa moja ukitoa tofauti kati ya 0.50 na uzito mahususi wa mbao hizo. SPF ni 0.42, kwa hiyo 0.92. Hem-fir ni 0.43, kwa hiyo 0.93. Ukiona upungufu wa namna hii kwenye kila ukuta bila ubaguzi, ni mbao. Usibane misumari kabla hujathibitisha mbao zitakazonunuliwa.

Na kama kila ukuta unakosa kwa kiasi kikubwa zaidi, theluthi au zaidi, kagua mizigo: tetemeko la kiwango cha mwisho lililowekwa kwenye ASD bila kuzidishwa kwa 0.7, au upepo bila 0.6. Hapo msumari hauna hatia.

Kila kitu kimepita kwenye programu, lakini vichwa vimezama

Hii haionekani kwenye skrini, na ndiyo dalili ya mwisho ninayoitafuta nikifika kwenye jengo. Bunduki yenye shinikizo kubwa inazamisha kichwa ndani ya paneli. Paneli ya 15/32 iliyozamishwa msumari kwa 1/8 imebakiwa na unene wa 11/32 chini ya kichwa, na jedwali halijui hilo.

Mwongozo wa APA, chama cha watengenezaji wa paneli za mbao, ni huu: ikiwa misumari ya ukingoni iliyozama haizidi asilimia 20, na hakuna uliozama zaidi ya inchi 1/8, uwezo haupunguzwi. Ikizidi hapo, au wowote ukipita 1/8, ongeza msumari mmoja kwa kila miwili iliyozama, na uangalie nafasi mpya isipasue nguzo. Mimi hubeba kipande cha waya wa inchi 1/8. Nakilaza juu ya kichwa cha msumari, napitisha rula juu ya uso wa paneli. Rula ikipita bila kugusa waya, msumari huo nauwekea alama ya chaki, kisha nahesabu alama ukingo kwa ukingo kabla paneli haijafunikwa.